Nilivyojipangia silaha za mabaka kwenye Counter-Strike 2

Counter-Strike 2 ni gemu ya kupigana kwa bunduki, na silaha zake huvalishwa skini, yaani michoro ya rangi; mimi nilitaka za mabaka kama ya sare za jeshi. Makasha, yale masanduku ya bahati nasibu yanayofunguliwa kwa ufunguo wa kununua, niliyaweka kando tangu mwanzo. Ufunguo mmoja ni dola 2.49, na daraja la chini kabisa la silaha zilizomo ni lile la buluu, Mil-Spec. Safari Mesh, skini ya mabaka, ya AK-47 na ya AWP (bunduki ya mdunguzi) ziko chini ya daraja hilo. Zilidondoka bure kwa wachezaji kupitia makusanyo ya ramani, yaani seti za skini zinazoitwa kwa majina ya ramani za gemu. Ufungue makasha mwaka mzima, hutazikuta humo. Zinanunuliwa kwa wachezaji wengine kwenye soko la Steam, duka la mtandaoni la gemu hii, basi.

Pochi ya Steam kwa Kenya na Tanzania inasoma dola, na kiwango cha chini cha kujaza ni dola 5. Nilitumia kadi ya Visa. Soko halikufungukii siku hiyohiyo: linataka akaunti iwe na malipo yaliyotimiza angalau siku 7, na Steam Guard, ulinzi wa akaunti, iwe imewashwa kwa angalau siku 15. Hiyo Steam Guard iwashe mapema, tena kwenye simu, maana bila hivyo ukija kuuza mzigo wako unazuiliwa.

Kwenye uchakavu ndiko hela nyingi hupotea. Kila skini ina namba kati ya 0 na 1, inayowekwa siku inapozaliwa na haibadiliki hata ukiitumia kila usiku. Chini ya 0.07 ni Factory New, hadi 0.15 Minimal Wear, hadi 0.38 Field-Tested, hadi 0.45 Well-Worn, kisha Battle-Scarred. Sasa, Safari Mesh haianzi 0, inaanzia 0.06 na kuishia 0.80. Factory New yake imebanwa kati ya 0.06 na 0.07, kwa hiyo ni adimu na bei yake haiendani kabisa na sura. Iweke kando ya Minimal Wear ya 0.08 uone kama utazitofautisha.

Mimi nilinunua Field-Tested, zile za 0.15 hadi karibu 0.20. Rangi hubanduka kwanza kwenye kingo, na mabaka yenyewe yanameza mikwaruzo kuliko rangi moja tupu. Namba ikipanda sana, chuma kinaanza kutokeza na silaha inaonekana imechoka. Usitegemee picha ya sokoni: bonyeza kukagua ndani ya gemu, ufungue maelezo, usome namba kamili.

Hapohapo utaona namba ya mpangilio wa mchoro, inayoamua ni sehemu gani ya mchoro inaangukia silaha. Kwa skini kama Case Hardened ina uzito mkubwa, lakini kwenye mabaka sikuijali. Anayekutoza zaidi kwa sababu yake anakuuzia upepo.

AK ni ya upande wa magaidi na M4 ni ya askari, hivyo seti inayoshabihiana inahitaji zote mbili. Kwa kijani niliunganisha AK-47 Jungle Spray na M4A4 Jungle Tiger, zote za kusanyo la Aztec. Usitarajie zikufiche, lakini. Adui anakuona vilevile.

Ukinunua unaitumia papo hapo, ila kubadilishana na mtu ni baada ya siku 7. Ukiuza, makato ni asilimia 15: 5 za Steam na 10 za gemu, na kila kato haliwezi kushuka chini ya senti 1. Ndiyo maana skini ya senti 3 inamwachia muuzaji senti 1 tu. Za bei hiyo siziuzi tena.