Matema na watoto: kama upo Mbeya na hujawapeleka bado, soma hii

Wazazi wenzangu wa Mbeya, na nyie mnaokuja likizo kutoka Dar, kama mnatafuta ufukwe ambao mtoto anaingia majini na mzazi roho haimdundi, nendeni Matema, kule Kyela kwenye Ziwa Nyasa. Mi nimeshapeleka watoto baharini na nimewapeleka Ziwa Nyasa, na kwa hawa wadogo kabisa nachagua Nyasa bila kufikiria mara mbili.

Kwanza maji hayana chumvi, mtoto akipiga mbizi hatoki analia macho. Afu hakuna kupwa na kujaa, yaani pale mlipotandika khanga asubuhi ndo hapohapo mtaikuta jioni, na nyumba ya mchanga aliyojenga mdogo inakaa mpaka aibomoe mwenyewe. Maji ni meupe, ukisimama yakakufika magotini unaona vidole vyako vizuri tu. Ila msidanganyike mkawaacha peke yao, ziwa hili huko katikati lina kina kinachofika kama mita 700, ni maji makubwa haya, mtu mzima mmoja lazima awe anaangalia muda wote na simu iko mfukoni.

Na mahali penyewe jamani! Mnatoka Mbeya kwenye baridi, mnapita Tukuyu kwenye chai na migomba na ukungu, afu mnaanza kushuka, mnashuka weee, masweta yanavuliwa moja moja, mkifika Kikusya mnashika lami ya Ipinda mpaka Matema, kulia na kushoto mpunga na kokoa. Ukishafika unaona Milima ya Livingstone imesimama palepale pembeni ya maji kama ukuta.

Upande ule wa milimani kuna mawe, wakubwa kidogo wapeni miwani ya kuogelea wakaangalie samaki wa mawe, wa bluu, wa njano, wenye mistari. Nyasa ina mamia ya aina za samaki ambao hawapo popote pengine duniani, na mtoto anawaona hapo hapo kwenye maji ya kiunoni. Wangu wa kati alitoka akawa anataka kuhadithia huku bado anatema maji.

Sasa mkiweza nendeni wikendi ili Jumamosi iwakute huko, ndo siku ya soko la vyungu Lyulilo, ni mwendo mfupi tu kwa miguu kufuata ufukwe. Vyungu vinatoka Ikombe, kinamama wa Kikisi wanavifinyanga kwa mkono na kuvileta kwa mitumbwi, vina rangi ya udongo mwekundu na michoro myeupe shingoni. Binti yangu alimwamkia bibi mmoja shikamoo, bibi akaitikia marahaba mjukuu wangu, akamshikisha chungu na kumwambia kigonge. Akagonga kwa kidole, kikalia ngiii. Akampa kingine, hiki kikatoa mlio wa kufa, kumbe kina ufa mwembamba hata huuoni. Kuanzia hapo mtoto akawa anagonga kila chungu cha soko zima na wale kinamama wanacheka, wanamwita aje agonge na vya kwao.

Chakula ni mbasa na wali wa Kyela, basi. Mbasa wa kuchoma akitoka ziwani siku hiyo hahitaji mbwembwe, ndimu na chumvi vinatosha. Agizeni mapema lakini, sehemu nyingi wanaanza kupika ukishaagiza na watoto wenye njaa mnawajua wenyewe.

Tahadhari mbili. Msiogelee kwenye matete wala maji yaliyotuama, konokono wa kichocho wanapenda sehemu hizo, kaeni kwenye mchanga msafi. Na mdomo wa mto Lufilyo kaeni nao mbali, mamba wapo, wenyeji watawaonyesha mpaka wapi ni salama na wakisema hapana ni hapana.

Msimu: masika Kyela inanyesha haswa, achaneni nayo. Mwezi wa sita mpaka wa nane ni pakavu na joto la wastani ila upepo wa kusini ukiamka unaleta mawimbi, wadogo waogelee asubuhi. Kwa utulivu mi naona mwezi wa tisa na wa kumi ndo penyewe, jua kali kidogo lakini ziwa limelala kabisa. Gesti zipo za bajeti tofauti, zingine ziko mchangani kabisa, pigeni simu kabla hamjatoka nyumbani maana likizo za shule zinajaa.

Na mkinunua chungu msikiweke kwenye buti, mtu akipakate.