Bafta ya Bibi

Jana usiku mama watoto alikuwa ukumbini anajipaka dawa ya nywele, ile ya boksi, ya kufukuza mvi (mvi zenyewe tatu, na ole wangu nikisema nne). Mie niko chumbani na simu yangu. Harufu ikapita chini ya mlango: ukali ule wa amonia unaopanda puani hadi nyuma ya macho, kama choo cha bandarini siku meli ikichelewa. Wengine harufu hiyo huwakumbusha saluni. Mimi hunirudisha kwetu Pemba, Makangale, ukingoni mwa msitu wa Ngezi, mwaka 1994, nina miaka 11 na nimeshika mkasi wa Bibi.

Ami, ndugu yake baba, alikuwa kaja likizo kutoka bara. Kazi yake huko: miaka na miaka akiongoza wageni wa uwindaji kwenye pori la Selous, akirudi kwetu na nyama kavu ambayo Bibi haili mpaka aapiwe kwanza nani kachinja. Safari ile alikuja na bunduki yake, raifo ya risasi za .30-06, karatasi za polisi ndani ya mfuko wa plastiki, na sheha akaarifiwa, kwa sababu nguruwe walikuwa wameumaliza muhogo wa Bibi. Kwetu wazee husema nguruwe wale waliachwa na Wareno. Wareno wenyewe walishafungasha tangu mwishoni mwa karne ya 17, lakini mifugo yao haijapata habari.

Tabu ni kwamba raifo ilikuwa na mtutu mpya. Ule wa zamani ulishalika koo kwa kupigwa sana, fundi mmoja huko huko bara akaufungua na kufunga mwengine. Na Ami hakuwa mtu wa kuchukua mtutu mpya akaenda nao shamba vivi hivi.

"Mtutu mpya una meno," alinambia. "Lazima uyalaze."

Meno yenyewe, alivyonieleza, ni mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa jicho, inayoachwa na chombo cha fundi pale risasi inapoanzia safari. Risasi ya raifo imevaa koti la shaba. Ikipita na moto wake, mikwaruzo inaichuna lile koti, na shaba inakwenda kuganda mbele kwenye michirizo, ile mifereji iliyojipinda inayoizungusha risasi ili iende sawa. Risasi ya pili ikipita juu ya shaba ya kwanza, inazidisha. Kwa hivyo unapiga moja, unasafisha mpaka shaba iishe, unapiga nyengine, unasafisha. Kumi za mwanzo moja moja, halafu tatu tatu. Meno yanalala yenyewe, kidogo kidogo.

Dawa ya kutolea shaba ndiyo yenye amonia. Unachovya kitambaa, unakisukuma kwa ufito kutokea nyuma ya mtutu. Si mdomoni, maana mdomo wa mtutu ukikwaruzwa raifo haina adabu tena. Unangoja dakika chache, unapitisha kikavu. Kikitoka na buluu, shaba bado imo. Kikitoka cheupe, unapiga nyengine.

Na vitambaa alete nani? Mie.

"Kanipatie kwa Bibi yako. Nataka cha pamba, cheupe, kisafi, kikuukuu."

Bibi alikuwa kenda arusini Konde. Cha pamba, cheupe, kisafi: njiani nilishika matatu, la nne likanitoka. Uvunguni mwa kitanda cha Bibi kulikuwa na sanduku lake, na chini kabisa ya sanduku kulikuwa na bafta, imekunjwa vizuri, na kila kunjo limetiwa karafuu kavu. Nikaitia kikapuni yote na mkasi juu yake.

Nilijua ile ni bafta ya nini? Nimejiuliza mara nyingi. Mtoto wa miaka 11 kwetu ameshaona majeneza yakitoka, na ameshatumwa dukani kununua bafta nyumba ikiwa na msiba. Nadhani nilijua, nikajipitisha kando kama mtu anayemwona mdai wake sokoni.

Tulikwenda kwenye shimo la udongo, lile watu walilokuwa wakichimba udongo wa kukandikia nyumba. Ami alilala kifudifudi juu ya magunia, mie nikakaa nyuma yake na sufi ya mto nimeijaza masikioni, nakata vipande vya mraba, upana wa vidole vitatu. Anapiga, msitu unanyamaza. Anafungua komeo, ganda linaruka, mie naliokota likiwa moto. Anasafisha. Anauelekeza mtutu juani na kuchungulia, halafu ananipa na mie nichungulie. Humo ndani kulikuwa na pete za mwanga zilizopangana mpaka mwisho, zinazunguka, na huko mbali kijiduara cha mbingu. Sijawahi kuona kitu kisafi namna ile.

Ilikuwa baada ya risasi ya saba. Dawa imeshapita mtutuni, tunangoja dakika zake. Jua lilikuwa la saa tano na jasho linamtiririka Ami mpaka ndevuni. Akanyosha mkono nyuma bila ya kutazama, akachukua kipande kikavu, akajifuta uso.

Akaacha kufuta. Akakirudisha puani.

Vipande sita saba vya mwanzo alivichovya moja kwa moja, na amonia haimwachi mtu akanusa kitu chengine. Lakini hiki kilikuwa kikavu, kimetoka kunjoni sasa hivi.

"Wee. Hiki umekitoa wapi?"

"Kwa Bibi."

"Kwa Bibi wapi?"

"Sandukuni."

Alijipindua akakaa. Akauvuta mkono wangu, si kwa nguvu, akatoa bafta kikapuni na kuanza kuikunjua, kunjo kwa kunjo, karafuu zikimwagika juu ya magunia. Alifika pale nilipoanzia kukata. Nilikata vibaya, upande mmoja umekwenda juu kama ngazi. Alipitisha kidole gumba pale pale, akaenda na kurudi. Mie namtazama usoni nikingoja kofi, na kofi haliji. Sanda ya mwanamke ni nguo tano. Mwanamume tatu zinamtosha. Midomo yake ilikuwa inacheza kidogo, nadhani alikuwa anapiga hesabu ya urefu wa mama yake.

Halafu akatazama saa. Dawa ile haiachwi mtutuni. Ikikawia, inageukia chuma chenyewe. Dakika zake zilishafika na zimepita.

Akaitazama bafta. Akaitazama raifo. Akachukua kile kile kipande alichojifutia, chenye jasho lake na harufu ya karafuu, akakivisha kwenye kichwa cha ufito, akasukuma. Kilitokea upande wa pili na buluu ya bahari ya Misali saa sita ya mchana.

"Astaghfirullah," alisema. Kisha, taratibu: "Bado imo." Kisha: "Lete chengine."

Tukamaliza zote. Kumi moja moja, tatu tatu mara nne: risasi 22. Na buluu haikuisha. Ilipungua ikarudi, ikapungua ikarudi, na Ami akizidi kuifukuza na mie nikizidi kukata. Kufika adhuhuri nimekaa katikati ya rundo la viraka vya buluu na vyeusi.

Bibi alirudi alasiri na biriani ya arusi ndani ya bakuli. Ami alimwambia mwenyewe, amekaa chini barazani, chini ya miguu yake. Sijamwona Ami akikaa vile tena. Bibi akaitaka bafta, akaitandaza mkekani, akaipima kwa shibiri huku akihesabu kwa sauti.

"Shibiri saba," alisema. Akanitazama mie. "Kwani mimi nna urefu gani? Nilinunua na ziada, nikijua katika nyumba hii mna wanaume." Akacheka mpaka akakohoa, na sote tukacheka, na biriani ikaliwa.

Lakini usiku nilisikia sanduku likivutwa. Na kuhesabu tena.

Nguruwe hawakuja. Ami alilala muhogoni siku mbili, akaumwa na mbu. Nguruwe gani atakaa jirani na mtu aliyepiga risasi 22 mchana mmoja? Walihamia shamba la upande wa pili, na mwenye shamba lile akaacha kutuamkia mpaka msimu wa karafuu.

Miaka mingi baadaye, kwenye meli ya kwenda Unguja, nilikaa na mzee mmoja aliyekuwa msasi kama Ami, nikamsimulia habari ya mtutu. Aliniuliza swali moja tu: kile kichwa cha ufito, kinachovishwa kitambaa, kilikuwa cha nini? Nikamwambia, cha shaba, kinang'ara. Akaguna. Dawa ile, alisema, haijui shaba ya risasi na shaba ya ufito. Inakula zote, na zote zinatoa buluu. Ndiyo maana wengine hutumia kichwa cha plastiki. Akaongeza kwamba hata mafundi wanaotengeneza mitutu hawajapatana: wapo wanaokuandikia moja moja na tatu tatu, na wapo wanaosema unachoma risasi zako bure, mtutu mzuri unatoka kwa fundi umeshakuwa mzuri.

Sikuzungumza tena mpaka tunafunga gati Malindi.

Ami yuko Wete siku hizi, macho yameingia ukungu. Raifo alishairudisha zamani, lakini akipata msikilizaji atamwambia mtutu ule ulikuwa hausemi uongo, kwa sababu uliandaliwa. Kila nikenda kumtazama nasema leo namwambia habari ya kichwa cha ufito. Tunakunywa kahawa, naondoka.

Kesho yake, baada ya siku ile ya shimoni, aliamka na gari ya kwanza kwenda Chake akanunua bafta mpya. Bibi aliinusa, akasema, "Hii ya dukani," akaitia karafuu, akaiweka sandukuni juu ya ile. Alifariki mwaka 2003. Wanawake ndio waliomwosha na kumvisha. Sie wanaume tulikuwa nje. Bafta zilikuwa mbili na sijui walichukua ipi. Mambo hayo humuulizi shangazi yako.

"Baba nanihii," mama watoto akaita kutoka ukumbini, "dawa inaniteremkia kwenye paji la uso. Niletee kitambaa chochote cheupe humo kabatini, upesi."

Nikafungua kabati. Vyeupe vilikuwa vingi. Nikasimama pale mpaka akaita mara ya pili, halafu nikavua fulana yangu nikampelekea.