Niwekee Kidole Pale Panapouma

Kwa wiki saba niliuita ugonjwa wangu "mshipa wa kiuno", na kila niliyemweleza hivyo alinielewa kwa namna yake. Jirani yangu hapa Nkuhungu alidhani nina ngiri, kwa kuwa wengi wetu huiita ngiri kwa jina hilo hilo la mshipa. Mama mmoja ninayesali naye alidhani ni msuli uliokaza, akaja jioni mbili kunichua kwa mafuta ya alizeti. Katika kituo cha kwanza nilichokwenda waliandika maumivu ya mgongo, wakanidunga sindano za vitamini B, nikarudi nyumbani bila mtu kuugusa mguu wangu. Neno mshipa kwetu hubeba mishipa ya damu, misuli, ngiri na mishipa ya fahamu kwa pamoja, na mgonjwa asipolipambanua anaweza kuzunguka sana kabla ya kumfikia daktari anayemhusu.

Yalinianza shambani Mpunguzi wakati wa kiangazi, nilipoinama kuinua ndoo ya lita 20 ili nimwagilie miche ya zabibu. Siku hiyo kiliniuma kiuno tu. Baada ya siku tatu kiuno kikatulia, na maumivu yakahamia kwenye kalio la kulia, yakashuka nyuma ya paja na katika kigimbi hadi ukingo wa nje wa wayo, kwenye kidole kidogo kabisa. Usiku mguu uliwaka kama uliopakwa pilipili, kila nilipokohoa au kupiga chafya maumivu yalishuka upya, na kidole chenyewe kikafa ganzi.

Aliyeniokoa na mzunguko ule ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza. Aliniamkia, akanisikiliza kidogo, kisha akasema: "Mama, usinitajie jina la ugonjwa. Niwekee kidole pale panapoanza kuuma, ukitembeze mpaka panapoishia." Nilipofika kwenye kidole kidogo akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokitafuta. Akaniambia nitembee kwa visigino, nikaweza. Akaniambia nitembee kwa ncha za miguu, na kisigino cha kulia kikagoma kunyanyuka vizuri. Akagonga kwa kinyundo nyuma ya kifundo cha mguu: wa kushoto uliruka, wa kulia ukatulia.

Alinieleza sababu kwa subira, na nadhani kila mgonjwa anastahili maelezo hayo. Kutoka kwenye uti wa mgongo hutoka jozi 31 za mishipa ya fahamu, na kila jozi ina eneo lake la ngozi na misuli yake. Kati ya pingili na pingili kuna disiki, yenye ganda gumu nje na kiini laini kama ute mzito ndani. Ganda likichanika, kiini husukumika nje na kuubana mzizi wa mshipa wa fahamu, tena huuchochea uvimbe, ndiyo maana dawa za kupunguza uvimbe husaidia baadhi ya watu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au shinikizo la damu asizinywe bila kumwuliza daktari. Ganzi ikikaa juu ya wayo na kwenye kidole gumba cha mguu, kwa kawaida mzizi uliobanwa ni ule uitwao L5, yaani wa tano wa kiuno. Ikikaa ukingo wa nje na kidole kidogo, ni S1, yaani wa kwanza chini ya ile ya kiuno. Shingoni na kwenye kiganja cha mkono kanuni ni hiyo hiyo: mahali penye ganzi huelekeza kwenye mshipa uliobanwa.

Akaniandikia rufaa. Disiki inayobana hutibiwa na daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, au bingwa wa mifupa aliyebobea katika mgongo. Mwenye ganzi katika miguu yote miwili, kama aliyevaa soksi, aanze kwa daktari wa magonjwa ya ndani na apimwe kisukari. Kwetu Dodoma hospitali ya rufaa ya kanda ni Benjamin Mkapa, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, na kwa Dar es Salaam kuna Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Anayelazimika kwenda huko nampa shauri la treni ya SGR, maana ndani yake unaweza kusimama na kunyoosha mguu.

Eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi mshipa wa fahamu; MRI, yaani picha inayopigwa kwa sumaku, huuonyesha. Yangu ilionyesha disiki iliyotokeza kati ya pingili ya mwisho ya kiuno na mfupa ulio chini yake. Bingwa hakuisoma picha peke yake. Alirudia vipimo vyote vya mkono na kinyundo, akanieleza kwamba disiki zilizovimba huonekana hata kwa watu wengi wasio na maumivu yoyote. Nilimwuliza ingekuwaje nisipopasuliwa. Alisema wagonjwa wengi hupata nafuu bila kisu ndani ya wiki 6 hadi 12, na kwa kuwa udhaifu wangu ulikuwa mdogo na hauongezeki, tungeanza na mazoezi na dawa, huku akinipima kila baada ya wiki tatu.

Nawasihi sana ndugu zangu katika hili: ganzi ikiingia makalioni na sehemu za siri, mkojo ukigoma au choo kikitoka bila kujijua, au miguu yote miwili ikilegea, mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu kila saa ina thamani. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa, jasho la usiku na kukonda yapimwe kifua kikuu cha mifupa. Wala msikubali mtu awakanyage mgongo.

Tangu siku ya fiziotherapia nimekuwa nikiuchora mguu wangu kwenye daftari kila mwanzo wa mwezi, nikipaka wino penye maumivu au ganzi, na bingwa huutazama mchoro kabla hajaniuliza lolote. Wa kwanza ulijaa wino kuanzia kalioni. Wa mwezi huu una doa moja, kwenye kidole kidogo.