Siku ya mechi, na sikio moja la beki wa kushoto

Saa 11:20 alfajiri. Natoka msikitini hapa Machomane, Chake Chake, na simu imeshaanza. Kundi la timu lina sauti saba za usiku. Mshambuliaji wetu karudi kutoka baharini alfajiri hii, anauliza kama anaweza kulala mpaka saa sita. Namwambia lala, baba. Siku ya mechi siandiki mengi kule. Maandishi hayana uso. Kijana akisoma "jana ulichoka" hajui kama namwonea huruma au namtoa kikosini. Jambo la mtu mmoja nampigia mwenyewe.

Saa 1 asubuhi. Chai na mkate wa mofa, kisha karakana. Mimi ni fundi wa mageti. Timu hainilipi, na silalamiki.

Saa 3. Nusu ya ukocha wangu nimeipata hapa, mashine ya kukatia chuma ikilia. Mimi na kijana ninayemfundisha kazi hatusikilizani hata tukisimama bega kwa bega, kwa hiyo tunasemezana kwa mikono. Kidole kikizunguka: geuza. Kiganja chini: laza. Ngumi: simama. Akishaona, naye hunyanyua kidole gumba. Asiponyanyua, sikati. Hilo la gumba ndilo lililonichukua miaka kulihamishia uwanjani: mpaka mwenzio akurudishie, bado hujamwambia kitu.

Nina beki wa kushoto, kijana wa miaka 19, mbio nyingi, mdomo mzito. Miezi minne nilimpigia kelele kutoka benchi: "Rudi! Rudi we!" Hageuki. Nikamwita mkaidi mbele ya wenzake, nikamweka nje mechi mbili. Jioni moja baada ya mazoezi golikipa akanisogelea, akasema taratibu, "Mwalimu, samahani. Yule sikio lake la kushoto halisikii. Toka mdogo."

Beki wa kushoto, kipindi ambacho benchi liko upande wake. Kila nilichokisema kilikuwa kinaingia kwenye sikio lisilosikia. Na mwenye sikio moja, hata sauti ikimfikia, humwia tabu kujua imetoka wapi; ndiyo maana mara nyingine aligeukia kati ya uwanja wakati ninayemwita niko pembeni yake. Mimi nikaona kiburi. Hakusema kwa sababu aliogopa kuachwa, na aliyemtia woga huo ni mimi. Nilikwenda kwao nikamwomba radhi. Nikamuuliza kama wenzake waambiwe, akakubali. Kesho yake nikamwomba radhi tena mbele ya timu, maana heshima yake niliivunja mbele ya timu. Tangu hapo naye tunasemezana kwa mikono, kama karakanani.

Saa 8 mchana. Wali na mchuzi wa samaki, mbio mbio. Kabla sijasoma kikosi, nawapigia wale wasioanza, mmoja mmoja. Haifai mtu ajue hayumo kwa kusikiliza majina kumi na moja yakipita.

Saa 9:30. Uwanja wa Gombani. Watu si wengi leo. Januari 2025, Kombe la Mapinduzi lilipochezwa hapa na Zanzibar ikaifunga Burkina Faso 2–1 fainali, nilikuwa jukwaani na sikumsikia hata aliyekaa nami. Siku ile ndipo nilipoamini kwamba timu inayotegemea koo la kocha haina kitu cha kutegemea.

Wakipasha misuli tunapitia maneno yetu. Neno moja moja tu: "Mtu!" "Huru!" "Yangu!" "Panda!" Refa anazungumzishwa na nahodha peke yake. Na tangu kanuni za 2025, golikipa akikaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde 8 anaadhibiwa kwa kona. Refa hunyanyua mkono kuhesabu tano za mwisho, lakini golikipa wetu macho yako mbele akitafuta wa kumpa. Basi beki wa kati akiuona ule mkono anaita "Tano!"

Saa 10:15. Mpira umeanza, tunacheza na wageni kutoka Wete. Dakika ya 31 winga wao anachomoka nyuma ya beki wangu. Nilikuwa nimenyanyua ngumi mapema, abaki. Kanitazama kabisa, kisha kapanda. Goli. Hasira ya zamani ilinipanda mpaka kooni. Nikakaa chini.

Mapumziko ni dakika 15. Tatu za mwanzo hakuna anayesema, watu wanywe maji, pumzi zishuke. Kisha wao kwanza: wameona nini? Kiungo anasema winga yule anakata ndani kila mara. Mimi nasema mambo mawili tu, na namwomba mmoja ayarudie kwa maneno yake. Beki wangu kimya, anafunga viatu.

Kipindi cha pili yuko ng'ambo ya uwanja. Neno langu linapita kwa kiungo, kiungo anamwashiria, gumba linarudi. Winga hakupita tena. Tukasawazisha dakika ya 78, 1–1.

Saa 3 usiku. Simu. Ni yeye, na ni mara yake ya kwanza kunitumia sauti. "Mwalimu, shikamoo. Lile goli, jua lilikuwa nyuma yako. Nikauona mkono mweusi tu, sikujua ngumi au kiganja. Mechi nyingine shika kitu cheupe."

Nimeisikiliza mara tatu. Nimemjibu kwa gumba. Mke wangu kanikatia kipande cha kanzu kuukuu, nimekitia kwenye mfuko wa bukta pamoja na filimbi.