Usinipe wastani peke yake

Katika ofisi yetu ya walimu hapa Kayole, Nairobi, hoja nyingi huanza na "Mimi nilikuwa na mtoto mmoja..." Mwenzangu wa hesabu huapa kwamba chati za ukutani ndizo zilizoinua darasa lake. Namheshimu sana. Hata hivyo, nisingemwomba mwalimu mkuu atumie pesa za shule kwa ushahidi huo tu.

Chati zilishapimwa humu humu nchini, kule Busia na Teso, na watafiti akiwemo Michael Kremer, mmoja wa walioshinda Nobel ya uchumi mwaka 2019. Shule zilizokuwa na chati tayari zilikuwa na alama za juu. Lakini chati zilipopelekwa kwa shule zilizoteuliwa bila kuangalia zinafanya vizuri au vibaya, alama hazikusogea. Mwenzangu ni mwalimu hodari. Naamini darasa lake lingepanda hata kwa ubao mtupu.

Vitabu vya kiada navyo vilipimwa huko huko, matokeo yakachapishwa 2009. Kwa wastani, havikuongeza alama. Ukikomea hapo utasema vitabu havina kazi, nalo ni jambo la hatari kumwambia mtu anayepanga bajeti ya elimu. Wanafunzi waliokuwa wakiongoza walifaidika. Wengi wa waliobaki hawakuweza kuvisoma vizuri: viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwao ni lugha ya tatu.

Hapo ndipo ninapomtaka mwalimu na kisa chake. Nina msichana wa Gredi ya 5 ambaye jioni humsaidia mamake kuuza mboga, na chenji haimpigi chenga. Mpe hesabu hiyo hiyo kwa maandishi ya Kiingereza, anainama tu. Nikimsomea kwa Kiswahili, ananijibu kabla sijamaliza. Mtoto mmoja hathibitishi chochote kuhusu Kenya nzima, najua. Lakini anakuonyesha pa kuchimba wastani unapokataa kusogea.

Kwa hiyo mwenzangu akirudia habari za chati, mimi humuuliza: na wale ambao hawakupanda ni akina nani? Wiki iliyopita alitoa daftari lake la alama, tukawatafuta jina kwa jina. Wengi wao walihamia kwetu katikati ya muhula, kutoka shule tofauti tofauti. Hakuna aliyewahi kulitaja hilo ofisini.