Majira ya Baridi Katika Kituo cha Kuoshea Magari

Hapa Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, ambako ninaendesha kituo ambacho mteja hutumbukiza sarafu na kuosha gari lake mwenyewe, wengi hudhani kwamba theluji hufunga biashara, ilhali chumvi inayomwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu ndiyo inayoniletea wateja. Chumvi hiyo hushika chini ya gari na kuharakisha kutu. Kwa hiyo, siku ya kwanza ya jua baada ya theluji, halijoto inapopanda juu ya nyuzi 0 za Selsiasi, foleni hufika hadi barabarani.

Shida ni usiku. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na nguvu hiyo hupasua mabomba, pampu na hata mpira wa kunyunyizia. Ndiyo maana, baridi inapokaribia kiwango cha kugandisha, mtambo huruhusu maji kidogo yapite mfululizo katika kila mpira, kwa kuwa maji yanayotembea hayagandi upesi. Bili ya maji huuma, lakini bei ya pampu mpya huuma zaidi. Chini ya sakafu hupita mabomba ya maji moto yaliyochanganywa na glaikoli, kemikali inayozuia maji kuganda, ili sakafu isishike barafu na mteja asiteleze, na gesi ya kuyapasha ndiyo gharama yangu kubwa kuliko zote za msimu. Brashi za povu naziondoa kabisa, kwa sababu hazikauki na huwa ngumu kama mawe. Baridi kali ikizidi, mimi hufunga: milango ya gari lililolowa huganda, na mteja aliyeshindwa kuingia garini mwake hasikilizi maelezo.