Kupe walikuwa ukutani

Nina mbwa 11 nyuma ya nyumba yangu hapa Nzuguni, Dodoma. Wote ni wa kuokotwa: wengine stendi, mmoja kwenye mtaro, wengine wameletwa na watoto wa mtaa. Mwaka jana nilizika wawili ndani ya mwezi mmoja, na bado inaniuma.

Mbwa wangu Popi alipougua, muuza dawa za mifugo aliniambia, "Hiyo homa tu, dada, mchome OTC siku tatu." OTC ni antibiotiki ya sindano. Nikamchoma Popi. Akaamka, akala, nikamshukuru Mungu. Baada ya miezi miwili akaanza kutoka damu puani, fizi nyeupe, hata harufu ya dagaa haimwamshi. Mwingine akanishauri ile dawa ya unga wa njano wanayochomwa ng'ombe. Afadhali sikumsikiliza, maana daktari alikuja kunieleza kwamba kwa mbwa kipimo kikizidi kidogo tu, dawa ile inashambulia ubongo.

Daktari wa mifugo alimtoboa Popi kwenye ncha ya sikio, akapaka tone la damu kwenye kioo, akaenda nalo kwenye hadubini. Popi alikuwa na erlikia, ugonjwa wa bakteria wa damu. Wengine wawili walikutwa na babesia, vimelea vya damu. Zote huletwa na kupe. Popi akaandikiwa doksisaiklini, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa siku 28. Siku ya sita anarukaruka na unatamani kubakiza vidonge kwa ajili ya mwingine. Usithubutu! Na mpe akiwa ameshakula, la sivyo anatapika. Wa babesia walichomwa imidokabu, wakarudiwa baada ya wiki mbili. Kwa jumla nilitumia laki mbili na kitu.

Kilichonitesa ni kupe wenyewe. Kila Jumamosi naogesha mbwa kwa dawa, natoa kupe mmoja mmoja kwa kibano. Ikifika Jumatano wamejaa tena masikioni na katikati ya vidole. Wiki sita nzima nafanya hivyo.

Jirani yangu, mzee wa Kigogo, alinitazama siku moja akasema, "Mwanangu, sisi tumekulia kwenye tembe. Papasi hatukumtafuta mwilini, tulimtafuta kwenye nyufa. Ngoja usiku, uje na tochi."

Saa nne usiku nikaenda. Banda langu ni la tofali za udongo, limepasuka kwa jua. Nilipomulika, ufa mzima ulikuwa unatembea! Majike yamevimba kama kunde, yamepanda hadi karibu na bati, na pembeni yao mafungu ya mayai madogo ya kahawia. Jike mmoja hutaga maelfu. Kupe huyu humpanda mbwa kunyonya tu, akishiba anashuka kurudi ukutani. Anafanya hivyo akiwa mchanga, akikua kidogo, na akishapevuka. Mimi nilikuwa nawasafisha mbwa na kuwarudisha walikolala kupe.

Nikahamisha mbwa wote. Nyufa nikazimwagia maji yanayochemka, nikapuliza dawa, zikakauka, nikaziba kwa saruji na mchanga wa mtoni, mpaka juu kabisa. Baada ya wiki mbili nikapuliza tena kwa ajili ya walioanguliwa nyuma. Mifuko miwili ya saruji! Tangu hapo sijazika mbwa.

Jana nimemkagua Popi masikio yote na vidole vyote, nikapata kupe mmoja. Usiku nikachukua tochi. Kuna ufa mpya nyuma ya mlango.